Mama mkwe si mshamba wa simu, umemharakisha tu

*Shangazi, nina miaka 34, naishi Umoja na mume wangu na mtoto wetu wa miaka minane. Tangu Januari mama mkwe, mwenye miaka 67, amehamia kwetu kutoka Murang'a. Amenichosha. Simu nimemfundisha mara mia haelewi, mpaka inabidi nimpokonye nimfanyie mwenyewe. Hata namba ya siri ya M-Pesa nilimchagulia mimi. Mwezi jana alitumiwa ujumbe wa uongo, akapigiwa simu, akatuma shilingi 6,500 kwa tapeli na kunyamaza siku tatu. Wiki iliyopita aliificha tableti ya mtoto ndani ya gunia la maharagwe, kisha akamwambia mume wangu kwamba ninaishi ndani ya simu. Nimwambieje mume amrudishe mama yake bila kuzua vita?*

*Mke aliyechoka, Umoja*

Pole, binti yangu. Kukaa na mavyaa katika nyumba ya jijini, jiko moja na choo kimoja, si jambo dogo. Lakini barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimejikuta upande wa mama.

Unasema umemfundisha mara mia, halafu papo hapo unasema unampokonya simu. Basi hujamfundisha hata mara moja. Mkono hujifunza kwa kushika, na wa kwake huupi nafasi ya kushika. Na namba ya siri uliyomchagulia wewe si siri tena. Abadilishe leo, kwa kidole chake, nawe ugeuze uso: *334#, aingie kwenye akaunti yake, abadilishe PIN. Asiweke mwaka wa kuzaliwa wa mtu yeyote wa nyumba hiyo.

Mama huyo alikua wakati simu ilikuwa kibanda nje ya posta. Ulipanga foleni na sarafu mkononi, na sarafu zikiisha, sauti ilikatika katikati ya neno. Kwa watu wa rika lake, anayekupigia ana jambo, maana hakuna aliyechezea sarafu. Wewe ukiona namba usiyoijua unaiacha iite mpaka ichoke. Yeye hukimbia kutoka jikoni na unga mikononi.

Kisha M-Pesa ikaingia, mwaka 2007. Kabla ya hapo pesa za nyumbani zilipitia posta, au bahasha mkononi mwa dereva wa matatu. M-Pesa ilimfunza jambo moja: ujumbe ukiingia, pesa zimeingia. Tapeli analijua funzo hilo, naye huandika ujumbe kwa maneno yaleyale, kisha hupiga akilia kwamba ametuma pesa za hospitali kimakosa. Mama hakuponzwa na ujinga. Aliponzwa na uaminifu, kwa sababu hawezi kulala na pesa ya mtu. Moyo kama huo ndani ya nyumba yako ni baraka, na wewe unaucheka.

Mwonyeshe kwamba ujumbe wa kweli huja kwa jina la MPESA, hauji kutoka namba ya mtu. Mfunze kuangalia salio kabla ya kujibu lolote. Kisha akariri jibu moja kama sala: "Kama umekosea, waambie Safaricom wairudishe." Aliyekosea kweli hupeleka ujumbe wake wa M-Pesa kwa 456 na kungoja. Tapeli hana ujumbe wa kupeleka, ndiyo maana anaharakisha. Anayejiita mhudumu wa Safaricom na hapigi kutoka 0722 000 000, akatiwe simu. Ujumbe wa utapeli upelekwe 333, ni bure.

Zile siku tatu za kimya ndizo zilizoniuma zaidi. Pesa ikimfikia tapeli, huenda kwa wakala kuitoa haraka awezavyo, na ikishatolewa hakuna cha kurudisha. Muda wa kupeleka ujumbe 456 ulikuwa mfupi, naye aliumaliza akiogopa uso wako.

Sasa kuhusu kidole. Mama amezoea simu ya vitufe, ambayo usipobonyeza kwa nguvu haisikii. Kioo kinataka kuguswa kidogo na kuachiwa. Yeye hubonyeza na kushikilia, simu inadhani anataka kitu kingine, inafungua asichoomba, nawe unasema haelewi. Ingia kwenye mipangilio ya simu yake ya Android, sehemu ya ufikivu, uongeze muda wa kugusa na kushikilia uwe mrefu. Kuza maandishi. Weka lugha ya Kiswahili. Halafu ikalie mikono yako, umfunze jambo moja kwa wiki. Bandu bandu huisha gogo.

Na huyo mtoto mwenye tableti, labda utasema "anajua simu"? Anajua kuteleza kidole tu. Mwambie akueleze kwa nini video moja ikiisha nyingine huanza yenyewe, uone kama ana jibu. Zima huo mfululizo kwenye YouTube. Weka Family Link, programu ya Google ya wazazi kusimamia vifaa vya watoto, ili tableti ijifunge saa mbili unusu usiku, na usiku ichajiwe sebuleni. Kuificha kwenye maharagwe lilikuwa kosa la mama, angesema. Lakini angemwambia nani, nawe umeinamisha kichwa?

Maana hilo la kuishi ndani ya simu hukulikanusha popote katika barua yako. Ndoa za siku hizi zinaliwa hivyo. Mume upande huu wa kitanda na mwanga wake usoni, mke upande ule na wake, kila mmoja akicheka na watu asiowajua. Zamani mtu alisubiri mwezi mzima barua ya mumewe. Leo mume yuko nusu mita na haulizwi siku yake ilikuwaje. Kisha mnashangaa anasikia habari za nyumba yake kutoka kwa mama yake.

Kwa hiyo mume usimwambie amrudishe mama. Kwanza mwombe mama msamaha, kwa maneno, ukiwa umeketi. Jumamosi baada ya chai mpe simu yake akutumie shilingi 20. Pesa isiyozidi 100 haikatwi ada. Asome jina lako kwa sauti kabla ya kukubali. Akikosea, ngoja. Zikikufikia, mrudishie zilezile 20, aangalie salio, arudie tena. Mkimaliza, simu yako iache chumbani.