Flip Wilson alichekesha kwa lugha ya kwao

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: ni mchekeshaji gani aliyewafungulia wenzake mlango wa televisheni, na aliufungua vipi? Mimi namtaja Flip Wilson, Mmarekani mweusi aliyeanza kipindi chake kwenye NBC, televisheni ya kitaifa ya Marekani, mnamo Septemba 1970. Mlango aliufungua kwa kusema kama watu wa mtaani kwao wanavyosema.

Kuna aliyebisha hodi kabla yake. Mwaka 1956 NBC hiyohiyo ilimpa kipindi Nat King Cole, mwimbaji mweusi. Sauti tamu, suti imenyooka, adabu tele. Kampuni kubwa zikaogopa kuwaudhi wateja wa majimbo ya Kusini, mdhamini wa kitaifa hakupatikana, na mwishoni mwa 1957 kipindi kikazimika. Cole alikuwa ametimiza kila sharti. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Wilson, jina lake la kuzaliwa Clerow, alizaliwa Jersey City mwaka 1933 katika familia ya watoto wengi na umaskini mkubwa, akalelewa nyumba za watu. Akiwa na miaka 16 alidanganya umri akaingia Jeshi la Anga, na huko ndiko wenzake walikombandika jina la Flip. Baadaye akazunguka klabu za watu weusi kwa miaka, mpaka mchekeshaji Redd Foxx alipomsifu mbele ya Johnny Carson, mtangazaji wa kipindi maarufu cha usiku, mwaka 1965, naye Carson akamwita kipindini.

Sikilizeni hadithi yake ya Columbus. Malkia Isabella wa Hispania anaongea kama mama wa Harlem, mtaa wa watu weusi huko New York. Columbus anamwambia kwamba asipokwenda kuigundua Marekani, Ray Charles, yule mwimbaji mweusi, hatakuwepo. Malkia anaruka: kumbe Ray Charles yuko Marekani! Pesa za safari zinatoka hapohapo. Columbus anafika ng'ambo, na wenyeji wanamwambia hawataki kugunduliwa, arudi alikotoka. Nani mwingine aliwahi kuisimulia historia ile hivyo, na Wamarekani weupe wakacheka pamoja naye?

Kwenye kipindi alisimama katika jukwaa la duara, watazamaji wamemzunguka pande zote, kama msimulizi barazani. Wachekeshaji George Carlin na Richard Pryor walikuwa miongoni mwa waliomwandikia. Kwa misimu miwili ya kwanza kilikuwa cha pili kwa watazamaji Marekani nzima. Mwaka 1971 kilipata tuzo mbili za Emmy, tuzo kubwa za televisheni ya Marekani, na Januari 1972 picha yake ikatokea kwenye jalada la jarida la Time.

Wapo weusi waliosema Geraldine, yule mwanamke aliyemwigiza kwa wigi na gauni fupi, anawadhalilisha dada zao. Nawaelewa, kwa maana walikuwa wamechoka kuchekwa. Lakini mtazameni vizuri Geraldine. Mkono kiunoni, shingo imenyooka, mgeni maarufu akimsogelea kupita kiasi anarudishwa nyuma kwa neno moja. Hajidharau, haombi radhi kwa kuwa yeye. Anampenda mpenzi wake Killer na hamfichi. Mimi namwona mwanamke asiyeweza kuaibishwa na mtu.

Mwaka 1972 CBS, televisheni shindani, ilileta tamthilia ya The Waltons saa ileile ya Alhamisi, watazamaji wakahamia huko, na mwaka 1974 kipindi kikaisha. Wilson akaipunguza kazi ili awe na watoto wake. Alifariki mwaka 1998.

Mjomba wangu alisoma Marekani miaka hiyo. Alikuwa akitusimulia kwamba Alhamisi jioni wanafunzi weusi walijaa kwenye chumba chenye televisheni, wengine wamekaa sakafuni, na Geraldine alipoanza kujitetea kwa gauni jipya alilonunua, chumba kizima kilimmalizia kwa sauti moja: shetani ndiye kanituma! Mjomba alikuwa na miezi miwili tu nchini humo. Akasema nao.