Nyongo bado yavuja, na upasuaji ushaisha: majibu ya wiki hii

*Mamangu katolewa mfuko wa nyongo, leo siku ya nne dreni, ule mpira wa kutolea maji tumboni, bado yatoa maji ya kijani, sasa daktari ataka kumtia kamera. Si alishapasuliwa, mbona tena? (Kisauni)*

Mwanangu, hayo si maji, ni nyongo yenyewe. Ini hutengeneza kama nusu lita mpaka lita nzima kwa siku na halina habari kwamba mfuko haupo, lenyewe laendelea tu. Mara nyingi panapovuja ni kile kipande cha mrija wa mfuko kilichobanwa klipu. Sasa kule chini, mrija mkuu wa nyongo unapoingia utumboni, pana msuli unaobana, nyongo ikifika hapo inasukumana, inarudi nyuma kutafuta tundu. Kamera yapitia mdomoni, mama akiwa amepewa dawa ya usingizi, wanaupasua ule msuli kidogo au wanatia stenti, yaani kamrija kadogo ndani ya mrija wa nyongo, au vyote viwili. Wengi hudhani stenti inaziba tundu, wapi! Inafungua njia tu, nyongo ikishateremka bila shida tundu lajifunga lenyewe. Muulize fundi wa maji yeyote hapo Majengo, ukifungua mfereji wa chini ile paipu iliyotoboka juu hairushi tena vile.

*Mume wangu ana stenti ya plastiki wiki ya pili hii na mfuko wa dreni bado wajaa. Imeshindikana? (Likoni)*

Wajaa vilevile ama wapungua, dada? Hilo ndilo swali. Chukua daftari, kila asubuhi kabla hujamwaga andika mililita ngapi na rangi gani, uende nalo kliniki, maana "bado yatoka toka" haimsaidii daktari. Ikiwa haipungui wanarudi na kamera, wanapiga picha kwa dawa waone: stenti imeziba, imehama, ama tundu ni kubwa kuliko walivyodhani. Hapo hutiwa nene zaidi, au mbili tatu pamoja, au ile ya chuma iliyovishwa ganda, inayotanuka yenyewe ikishafika ndani. Ya chuma ni ghali, sikufichi, uliza bei mapema. Lakini mrija mkuu ukiwa umekatika kabisa kamera haiungi, hapo ni upasuaji wa kuushona mrija na utumbo, na afanye aliyeizoea kazi hiyo hata ikibidi mpande basi mpaka Nairobi.

*Hiyo kamera ina hatari? (Changamwe)*

Inayo. Kubwa ni kongosho kuvimba: tumbo la juu lauma vibaya mpaka mgongoni, na kutapika. Hiyo, ama homa na kutetemeka, ama choo cheusi kama lami, usingoje kupambazuke na usianze mambo ya chai ya tangawizi, rudi hospitali.

*Mimi najisikia mzima, stenti siwezi kuiacha tu? Na biriani je? (Bamburi)*

Usithubutu. Ya plastiki hutolewa baada ya wiki 4 mpaka 8 hivi, ikipita miezi 3 huanza kuziba. Nishamuona mzee aliyekaa nayo zaidi ya mwaka, kaja macho manjano na homa ya kutetemesha kitanda, na kilichomo kwenye kale kamrija, kembamba kama ka pakiti ya juisi, kilikuwa tope jeusi tupu. Kukatoa ni dakika chache. Andika tarehe kwenye kalenda ya ukutani, usiiachie simu.

Biriani kula, bwana, ila si sinia la harusi.