Wiki ikilemewa, usikimbilie seva kubwa

Wewe unayeanza kutunza wiki yenye kurasa nyingi inayoendeshwa na programu ya MediaWiki, pokea somo lililonigharimu. Tovuti ilipoanza kuwa nzito niliongeza RAM mara mbili. Mwezi haukuisha, tukarudi palepale.

Wengi wanaofika kwenye wiki wanasoma tu, bila kuingia kwenye akaunti. Wote wanaona ukurasa uleule, herufi kwa herufi. Kwa nini basi PHP, lugha iliyotumika kuandika MediaWiki, iuandae upya kila mara? Weka Varnish, programu ya kuhifadhi kurasa zilizokwisha kuandaliwa, mbele ya wiki itoe nakala iliyo tayari. Mtu akihariri, MediaWiki, ukiipanga hivyo, itaiagiza Varnish ifute nakala ya zamani. Nyuma yake weka Memcached, inayotunza kwenye RAM data inayohitajika mara kwa mara. Hatua hizo mbili zilitusaidia kuliko vifaa vyote tulivyonunua.

Jihadhari na vigezo (templates), yaani vipande vya maandishi vinavyoingizwa katika kurasa nyingi. Siku moja, mchana wasomaji wakiwa wengi, nilirekebisha koma moja kwenye kigezo kilichotumika katika maelfu ya kurasa. Kurasa zote hizo zikaingia foleni ya kuandaliwa upya, na tovuti ikaanza kukwama. Kumbe MediaWiki, usipoibadilisha, hufanya kazi za foleni kwa kuzipachika kwenye maombi ya wasomaji wenyewe. Kwenye mipangilio weka $wgJobRunRate iwe 0 ili maombi ya wasomaji yasibebe kazi hizo, kisha endesha pembeni runJobs.php, hati ya MediaWiki inayozifanya.

Hata wakubwa yaliwakuta. Tarehe 25 Juni 2009, Michael Jackson alipofariki, watu walimiminika Wikipedia kwenye ukurasa wake huku wengine wakiuhariri mfululizo. Kila hariri ilifuta kache (nakala iliyo tayari), na seva nyingi zikaanza kuuandaa ukurasa huohuo kwa wakati mmoja. Ndipo ikatengenezwa PoolCounter, programu ya kupanga zamu: mchakato mmoja unaandaa ukurasa, mingine inasubiri au inapewa nakala ya zamani. Ukielewa tukio hilo, umeelewa sehemu kubwa ya kazi hii.

Hifadhidata ya pili ya kusomea inafaa, ila kabla ya kuigusa, pima. Fungua ukurasa unaochelewa, tazama msimbo wake wa HTML, utafute maneno “NewPP limit report”. Hapo utakuta muda uliotumika kuuandaa, na chini yake orodha ya vigezo vilivyokula muda mwingi zaidi. Kwetu kigezo kimoja cha jedwali kilikula zaidi ya nusu. Tulikiandika upya kwa Lua, lugha ya programu inayoweza kutumika ndani ya vigezo, na seva ya zamani ikatosha.