Hiyo meza chini ya mwaloni aliiweka nani?

Wiki hii mmeuliza kama njia za baiskeli zinazopita kwenye mialoni hapa Uholanzi zifungwe Juni na Julai kwa sababu ya viwavi wa mwaloni, wale wanaowasha. Jibu langu lilikuwa tayari kabla sijamaliza kusoma swali: zifungwe, tena kwa minyororo. Sababu yangu ni wifi.

Wifi alikuja kututembelea kutoka Morogoro kiangazi cha 2019. Mnaoishi Uholanzi mnaukumbuka mwaka ule: joto lilivuka nyuzi 40 kwa mara ya kwanza, na viwavi walikuwa kila mahali. Tukampeleka Drenthe, mkoa wa kaskazini, kwa baiskeli za betri, maana alisema hakuja Ulaya kuuza maziwa. Tukafuata vibao vya namba vinavyoonyesha njia za baiskeli, tukasimama kijiji cha Borger kutazama lile kaburi la kale la mawe makubwa (hakuvutiwa, aliuliza tu kama waliozikwa hawana ndugu wa kupalilia), na jua lilipoanza kuteremka tukakuta meza ya mbao chini ya mialoni. Kivuli cha maana. Wifi akatandika kanga kwenye benchi, mimi nikatoa chapati na maharage ya nazi.

Kwenye shina kulikuwa na msafara. Viwavi wa kijivu wenye manyoya marefu, mbele mmoja, nyuma yake wawili wawili, kisha watatu watatu, wanapanda gome bila kusukumana. Wifi akaacha kutafuna.

"Wifi, hawa foleni wamefundishwa na nani? Waletwe Kariakoo."

Tukacheka. Hatukumgusa hata mmoja. Kibao cha onyo hakikuwepo, wala ule utepe wa tahadhari, mwekundu na mweupe.

Usiku ndipo tulipokoma. Ilianza shingoni, ikashuka kwenye viwiko, ikaenda tumboni pale blauzi ilipokuwa imepanda. Vipele vidogo vyekundu vimesongamana, na jicho moja la wifi likavimba. "Huu ni upupu," akasema, kwa uhakika wa mtu aliyesoma shule ya bweni, akadai majivu. Majivu utayapata wapi kwenye nyumba ya kupanga yenye jiko la umeme? Nikapiga simu kwa daktari wa zamu, nikaambiwa selotepu. Bandika, bandua, bandika kipande kipya, halafu maji mengi, na marufuku kujikuna. Basi nikakaa kitandani nambandua wifi mgongoni, naye kila nikivuta anauliza kaka yake alioa mtu wa porini kwa sababu gani. Nguo zote zikafuliwa kwa nyuzi 60. Kanga yake mpya ilitoka imepauka, na deni hilo nadaiwa mpaka leo.

Kinachoniudhi ni kwamba yale manyoya marefu unayoyaona hayana neno. Yanayowasha ni vinyoya vidogo mno, havifiki hata nusu milimita, na kila kiwavi mkubwa anavyo laki kadhaa. Upepo unavibeba, kwa hiyo huhitaji kugusa kitu. Viwavi wakishageuka nondo na kuruka, kiota kikuukuu kinabaki na vinyoya vyake, na vinaweza kuwasha kwa miaka. Sasa hiyo miezi yenu miwili ya kufunga itasaidia nini?

Hapo ndipo msimamo wangu ulipoanza kulegea, naandika huku nabishana na nafsi yangu. Viwavi hawa walionekana tena Brabant, kusini mwa nchi, 1991, wakasambaa kuelekea kaskazini kadiri majira yalivyozidi kuwa na joto, na huku wakakuta wameandaliwa karamu: mialoni peke yake, iliyopandwa na watu kwa mistari kando ya barabara, kilomita kwa kilomita. Ukifunga njia zote zenye mialoni Drenthe, watoto watapita wapi kwenda shule? Barabarani na malori? Kiwavi anawasha, lori halina selotepu.

Na kupulizia dawa ovyo sikubali. Ile ya bakteria inaua pia viwavi wa vipepeo wasio na kosa. Kijiji cha Wapserveen, hukohuko Drenthe, walitundika visanduku vya kutagia ndege wadogo waitwao koolmees kwa Kiholanzi, wanaowala viwavi hawa, na wakapanda maua ya kuvutia wadudu maadui zao. Viota vya kwenye njia zenye watu wengi vinyonywe kwa mashine, na wale mafundi wenye suti nyeupe. (Ile miti iliyovikwa utando mweupe mpaka inatisha, ambayo watu huikimbia na kuipiga picha, ni viwavi wengine kabisa. Hawawashi. Piteni.)

Kwa hiyo jibu langu ni hapana, zisifungwe, ingawa nilikaa kuandika ndiyo. Mwenye baiskeli anapita na kuondoka, kwa kawaida hayampati makubwa, isipokuwa awe na pumu au amebeba mtoto mchanga, huyo azunguke. Taabu iko kwa anayekaa. Meza na mabenchi yaliyo chini ya mialoni ndiyo yaondolewe, au yafungwe utepe kuanzia Mei mpaka mtu mwenye mashine apite. Halmashauri yenye hela ya kuweka meza haiwezi kukosa ya utepe.

Mimi mwenyewe Juni nitakwenda kwenye misitu ya Veluwe, kwenye misonobari. Wifi ameshasema safari ijayo anakuja Februari.