Vitamini E na seleniamu haziikingi tezi dume

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina miaka 52. Baba alifariki kwa saratani ya tezi dume, na mwaka jana kaka yangu naye amegundulika nayo. Muuzaji wa virutubisho alinipima kwa mashine, akanipa vitamini E ya IU 400 na seleniamu ya mikrogramu 200, nimeze kila siku nijikinge. Anasema utafiti umethibitisha. Nina miezi minne sasa. Dozi inatosha au niongeze?

JIBU: Marahaba. Usiongeze. Ziache zote mbili, labda kama kuna daktari aliyekuandikia kwa ugonjwa mwingine.

Utafiti anaoutaja upo, ila amekusimulia nusu. Miaka ya 1990 huko Ufini, wavutaji sigara waliopewa vitamini E walionekana kupata saratani ya tezi dume kwa uchache. Marekani nako, utafiti wa seleniamu uliolenga saratani ya ngozi ukatoa dalili kama hiyo. Yote mawili yalikuwa matokeo ya pembeni, si jambo ambalo tafiti hizo zililenga kulipima. Ili kupata uhakika, mwaka 2001 ulianza utafiti wa SELECT: wanaume zaidi ya 35,000 wa Marekani, Kanada na Puerto Rico, kwa dozi hizo hizo unazomeza wewe. Vidonge vilisitishwa mwaka 2008 kwa kukosa faida. Wanaume wakaendelea kufuatiliwa, na mwaka 2011 ikaonekana kwamba waliomeza vitamini E peke yake walipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi ya waliomeza vidonge visivyo na dawa. Katika kila wanaume 1,000 kwa miaka saba, walikuwa 76 dhidi ya 65. Waliochanganya zote mbili kama wewe hawakupata ongezeko la wazi, lakini kinga hawakuipata. Seleniamu nayo, kwa wale ambao tayari walikuwa nayo ya kutosha mwilini, iliwaongezea saratani ya aina kali.

Sasa nije kwenye kauli inayonichosha kila wiki kliniki: "Vitamini ni chakula tu, ikizidi inatoka na mkojo." Vitamini C hutoka hivyo kwa kiasi kikubwa. Vitamini A, D, E na K huyeyuka kwenye mafuta, na mwili huzihifadhi. Soma kopo lako. Mtu mzima anahitaji miligramu 15 za vitamini E kwa siku; kidonge kimoja cha IU 400 kina zaidi ya mara kumi ya hizo. Karanga na mbegu za alizeti, kwa ulaji wa kawaida, hazikufikishi huko. Na kama unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, dozi hiyo inaweza kukutoa damu.

Tena si tezi dume tu. Huko huko Ufini, wavuta sigara waliopewa beta-karotini, ile inayopatikana kwenye karoti, walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi. Karoti haikuwadhuru, kidonge ndicho kilichowadhuru.

Hujasema kama umewahi kupima PSA, kipimo cha damu cha kuangalia tezi dume, na hilo ndilo lililonishtua. Mwenye baba na kaka waliougua anapaswa kuzungumza na daktari kuhusu kipimo hicho tangu miaka 40. Usingoje mkojo usumbue, maana saratani changa mara nyingi haina dalili yoyote.

Na ile mashine, ya kushika kijiti cha chuma kiganjani halafu kompyuta inatoa karatasi ya rangi: haipimi vitamini, haipimi tezi dume, haipimi chochote ndani ya damu yako. Mwenye kuishika ndiye anayeuza makopo. Mwezi uliopita nilimpokea mzee mwenye karatasi tatu za namna hiyo, zote zikisema tezi "imesafishika", na mfuko wa makopo tisa. Saratani ilikuwa imeshafika kwenye mifupa ya kiuno. Hakuna aliyekuwa amemtoa hata tone la damu kumpima.

Njoo kliniki wiki hii, na makopo yako uje nayo.