Gauni Linaloyeyuka Ukutani

SWALI: Mhariri, shikamoo. Ninachora mabango ya saluni hapa Kondele, Kisumu. Katika furushi la majarida makuukuu nililonunua Kibuye nimekuta picha ya bibi wa Kimarekani ambaye gauni lake lina rangi ile ile ya nyuma yake, hata huoni linapoishia, lakini yeye unamwona mzima. Nani alianza kuchora hivyo? Na mabibi hao walikuwa watu wa kweli?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Namna hiyo ya kuchora ilipata umaarufu kwa Coles Phillips, mchoraji wa Kimarekani aliyeanza kuitumia kwenye majalada ya Life mwaka 1908, wakati jarida hilo lilikuwa bado la vichekesho. Gauni na ukuta alivipa rangi moja isiyo na mstari wa kuvitenganisha, kisha akachora uso, mikono, viatu na labda maua ya kitambaa tu. Jicho la mtazamaji ndilo linalomalizia bega na kiuno, na kwa maoni yangu hapo ndipo ulipo uzuri wa picha hizo, kwa kuwa kila mtazamaji hushiriki kumuumba huyo bibi. Ufundi wake ni mgumu kuliko unavyoonekana, maana alama zile chache zisipowekwa panapostahili mwili husambaratika.

Kuhusu watu wa kweli, mfano unaojulikana zaidi ni msichana aliyebuniwa na mchoraji mwingine wa Kimarekani, Charles Dana Gibson, na aliyetawala majarida tangu miaka ya 1890: mrefu, nywele zimerundikwa utosini, kiuno kimebanwa kwa koseti. Wengi walimwona ndani yake Irene Langhorne, aliyeolewa na Gibson mwaka 1895, na mwanamitindo Evelyn Nesbit naye aliwahi kukaa mbele ya Gibson achorwe, lakini sura ile ilichanganywa kutoka kwa wanawake wengi. Wote karibu walikuwa weupe wa umbo moja, na jambo hilo linanisikitisha, kwani wanawake wengi wa nchi hiyo hiyo hawakupewa nafasi.

Kwa hiyo chukua mbinu, uso uchukue kwa wateja wako. Anza na rangi ya ukuta, ulipe gauni rangi hiyo hiyo, uache shingo, hereni na nywele za kusuka. Kisha vuka barabara utazame. Bega lisipoonekana ukiwa ng'ambo, ongeza alama moja tu pale linapopinda.