Usiongeze paneli, ongeza betri

Wiki iliyopita dada mmoja wa Sengerema aliniandikia: "Kaka, nina paneli ya wati 300 na betri moja ya ampea 100, lakini friji inazima usiku haujafika mbali. Niongeze paneli ngapi?" Nilimjibu palepale: usiongeze hata moja.

Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200 hivi, na za kutumia kila siku bila kuiua ni nusu tu, yaani 600. Televisheni ya wati 50 kwa saa tano inakula 250. Taa tano za wati 7, saa zilezile, 175. Friji inaachiwa 175 za kukesha nazo! Wakati huohuo paneli yake, jua likiwaka vizuri, inatoa zaidi ya 1,000 kwa siku. Betri ikijaa, chaji kontrola, kile kifaa kinachosimamia uchaji wa betri, inakata na jua lililobaki linapotea bure. Mvua inyeshe ya namna gani, simtanki dogo ni dogo.

Mimi hili nimelipigania. Nilipofungua kibanda cha kunyolea pale mwaloni, wanakotia nanga wavuvi wa dagaa, pesa yangu karibu yote niliitia kwenye betri ya lithiamu, nikapachika paneli moja tu. Fundi mmoja akanicheka mbele ya wateja wangu kwamba nimeliwa. Iliniuma, na bado inaniuma. Lakini dagaa huvuliwa usiku wa giza. Mbalamwezi ikitoka wavuvi wako nchi kavu, wana pesa na wanataka kupendeza. Saa nne usiku vibanda vyote vimezima, mashine yangu inanguruma, foleni imefika nje. Duka langu la vifaa vya sola limetoka kwenye foleni ile.

Na hesabu ya nchi ndiyo hiyohiyo. Kule Kishapu, Shinyanga, kuna mradi wa jua wa megawati 150, jambo la kujivunia. Ila Watanzania tunawasha taa na runinga jua limeshazama. Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, lina faida ambayo paneli peke yake haina: maji yanakaa yakisubiri saa ya kuhitajika. Ndugu zangu, tuache kushangilia uzalishaji tukasahau hifadhi. Kijana unayetaka kuanza biashara ya umeme jua, anzia kwenye betri.

Andika kila kifaa na saa zake ndipo uende dukani. Betri ya asidi ipime asubuhi kabla ya jua, vifaa vimezimwa: ikisoma chini ya volti 12.2, unaichosha. Lithiamu aina ya LFP (ya chuma na fosfeti) huvumilia kutumika asilimia 80 na zaidi, ila hakikisha chaji kontrola yako inaikubali. Na betri mpya usiiunge na kuukuu, kuukuu itaiua mpya.